Jumamosi Niliyopanda Mnara wa Makaburu

Nimekaa kimya karibu wiki tatu, sio kwamba nimewasahau, ni majaribio tu yalinibana. Mwezi wa kumi huku mijakaranda inachanua, barabara nzima inakuwa zambarau, na wanafunzi wanaamini kwamba ua likikudondokea kichwani basi mtihani umefaulu. Mimi nimeshadondokewa na matatu. Tutaona!

Leo sina habari za bwenini wala za chakula (na msinidanganye, pap sio ugali). Nataka niwasimulie nilikokwenda Jumamosi, maana tangu siku hiyo kichwa hakijatulia.

Wale mnaonifuatilia tangu nilipokuwa Mazimbu mnamjua babu yangu mzaa mama. Alikuwa fundi mwashi, na alikuwa miongoni mwa Watanzania waliofanya kazi ya kujenga pale Mazimbu wakati ANC ilipopewa lile shamba la zamani la mkonge na serikali yetu mwaka 1977. Mimi nimesoma kwenye majengo ambayo babu alisaidia kuyapandisha matofali. Chuo kile kinaitwa jina la Solomon Mahlangu, kijana wa Mamelodi, hapahapa Pretoria, aliyenyongwa tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na miaka 22. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kuja kusoma huku muhula mmoja, babu hakunipongeza kwanza. Aliniuliza, "Pretoria ile ya gereza?"

Sasa fikirieni. Nimefika mji wa Mahlangu, na sehemu ya kwanza ya historia ninayokwenda ni mnara wa Makaburu! Lakini ndivyo ilivyotokea. Jamaa mmoja tunayesoma naye, Mzulu wa KwaZulu-Natal, alikuwa na kazi ya darasani kuhusu makumbusho na hakutaka kwenda peke yake. Akaniambia, "Sisi, twende wote." (Mwanzoni nilikuwa nachanganyikiwa. Kwao "sisi" ni dada. Mimi nikawa najiuliza sisi akina nani.)

Mnara wenyewe huwezi kuukosa. Ukiingia Pretoria kutoka kusini unauona juu ya kilima, jengo la mraba la mawe ya matale, zito, kama sanduku kubwa lililowekwa pale lisiondolewe na mtu. Urefu wake mita 40, na kitako chake mita 40 kwa 40. Aliyeuchora ni Gerard Moerdijk. Ujenzi ulianza 1937, jiwe la msingi likawekwa tarehe 16 Desemba 1938, na ukafunguliwa tarehe 16 Desemba 1949 na waziri mkuu D. F. Malan. Hiyo tarehe ishikeni, nitairudia.

Kwa ufupi, kwa wale waliokuwa wanasinzia kwenye kipindi cha historia: kuanzia 1835 maelfu ya Makaburu waliondoka Koloni la Rasi na magari yao ya kukokotwa na maksai kwenda bara. Walikuwa wamechoshwa na utawala wa Waingereza. Walitaka ardhi, walitaka wajitawale, na kufutwa kwa utumwa mwaka 1834 kuliwaudhi wengi. Hapa mwalimu wangu wa kidato cha nne angeongeza, "na hilo la mwisho msilisahau!" Tena hawakwenda peke yao. Walikuwa na watumishi weusi na machotara wengi sana, ambao ukizunguka mnara mzima utaona hawajapewa nafasi kubwa.

Kabla hujafika mlangoni unapita ukuta wa mviringo uliochongwa magari ya maksai 64, yamepangwa boma kama yalivyopangwa vitani. Nikacheka peke yangu, jamaa akauliza kulikoni. Nikamwambia kwetu Afrika Mashariki, Kenya, kuna mji wa Eldoret ambao zamani watu waliuita Sixty Four, kwa sababu uliota kwenye shamba namba 64, na eneo hilo la Uasin Gishu lilipokea Makaburu waliotoka huku mwaka 1908. Namba imegongana tu, lakini watu wenyewe ni walewale. Hata Arusha, karibu na Mlima Meru, Wajerumani waliwapa Makaburu ardhi baada ya vita vyao na Waingereza vya 1899 hadi 1902. Jamaa alikuwa hajui kabisa. "Yaani waliwafuata hadi huko?"

Pale mlangoni kuna sanamu ya mama na watoto wake wawili, kazi ya Anton van Wouw. Kwenye pembe nne za jengo kuna wanaume wanne: Piet Retief, Andries Pretorius, Hendrik Potgieter, na mmoja asiye na jina anayewakilisha viongozi wengine. Basi, tukalipa, tukaingia.

Jamani, ndani ni pazuri. Lazima niseme ukweli. Nilikuwa nimejiandaa kuchukia kila kitu, lakini ule mwanga unaopita kwenye madirisha makubwa ya vioo vya njano unakufanya ushushe sauti bila kuambiwa. Ukumbi mzima umezungukwa na michongo ya marumaru nyeupe kutoka Italia, urefu wa mita 92, vipande 27. Unaanza na Makaburu wakiondoka Rasi, unazunguka, unamalizia mwaka 1852, pale Mto Sand, Waingereza walipowatambua Makaburu wa ng'ambo ya Mto Vaal kuwa watu huru. Mawe yamechongwa hata mikunjo ya nguo inaonekana.

Katikati ya michongo ndipo yanapokuja mambo ya Dingane. Kwanza Retief anawekeana mkataba na mfalme. Halafu Retief na wenzake wanauawa, Februari 1838. Halafu Wazulu wanavamia kambi usiku, kina mama na watoto. Halafu Makaburu wanaweka nadhiri: Mungu akiwapa ushindi, siku hiyo wataiheshimu kama Sabato, wao na vizazi vyao, na watajenga kanisa. Na halafu tarehe 16 Desemba 1838, vita ya mtoni. Makaburu wasiofika 500, wenye bunduki na mizinga, ndani ya boma la magari, dhidi ya jeshi la Wazulu la watu zaidi ya 10,000 wenye mikuki. Wazulu karibu 3,000 walikufa. Kaburu hata mmoja hakufa, watatu tu walijeruhiwa.

Jamaa alisimama mbele ya kipande hicho muda mrefu. Mimi nikajifanya naangalia cha jirani. Baadaye akaniambia kwamba bibi yake hajawahi kuuita Mto wa Damu. Kwake ni Ncome tu, mto ambao watu huchota maji. "Hili jina la damu tulilikuta shuleni," akasema. Halafu akatoa daftari akaanza kuandika kazi yake, na hatukuongea tena hadi tulipotoka kwenye ukumbi ule.

Kwenye sakafu kuna tundu kubwa la duara. Ukichungulia unaona chini kaburi la mfano, halina mtu ndani, la matale. Juu kabisa kwenye kuba kuna tundu dogo, na kila tarehe 16 Desemba saa sita mchana mwali wa jua unashuka kutoka juu hadi kwenye kaburi lile na kuangukia maneno yaliyochongwa pale kwa Kiafrikaans. Jengo zima limepimwa ili lifanye kazi dakika hizo chache kwa mwaka. Sisi tulikuwa Oktoba, mwali ulikuwa umepotelea ukutani.

Huko chini ndiko kwenye makumbusho: bunduki, vyombo vya jikoni, nguo, na mazulia ya ukutani yaliyodariziwa na kina mama kwa mkono. Ila kilichonishika ni habari za 1938. Mwaka huo, kuadhimisha miaka 100, waliondoa tena magari ya maksai kutoka Cape Town yakatembea hadi Pretoria, yakipita mji hadi mji, watu wakayapokea kwa machozi. Wengi wa waliokuwa wanalia walikuwa maskini, wameshindwa mashamba, wamehamia mjini. Miaka kumi baadaye, 1948, chama cha Malan kikashinda uchaguzi, na mengine mnayajua. Mnara ulipofunguliwa mwaka uliofuata sheria za ubaguzi zilikuwa zimeshaanza kutungwa. Yaani kumbe waliojenga hiki kitu hawakuwa mabwana waliojitosheleza. Walikuwa watu waliojiona wameonewa. Hilo limenitisha kuliko bunduki zote za pale chini.

Kulikuwa na mzee mmoja wa Kikaburu anayewaelekeza wageni. Wanafunzi wa huku wazee kama hao wanawaita "Oom", kama sisi tunavyosema mjomba, na mimi mtoto wa Morogoro mdomo ulishataka kutoa shikamoo. Aliponisikia natoka Tanzania akafurahi sana. Baba wa bibi yake, akasema, alizaliwa karibu na Mlima Meru. Akauliza mimi ni wa wapi hasa. Nikasema nasoma Mazimbu.

Akanyamaza. Kisha akasema analijua jina hilo. Miaka ya themanini alikuwa kijana jeshini, na huko waliambiwa Mazimbu ni kambi ya magaidi.

"Ilikuwa nini hasa?" akaniuliza. Sio kwa ubishi, kama mtu anayeuliza njia.

Nikamwambia: shule. Kuanzia watoto wadogo hadi sekondari. Hospitali, karakana, shamba, banda la nguruwe. Oliver Tambo alikuja kuifungua rasmi mwaka 1985. Na makaburi, watu wenu wamelala pale. Nilisema "watu wenu" bila kufikiri, nikadhani nimekosea. Mzee akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Shule." Basi. Kikaja kikundi cha watalii akaenda zake. Hadi sasa sijui alikuwa ananikubalia au anarudia tu neno.

Kupanda juu ni ngazi, ngazi, ngazi, zinazunguka kwenye pembe ya jengo. Nilianza kuhesabu nikapotea, pumzi ikawa na mambo yake. Lakini ukifika juu! Mji wote uko miguuni, zambarau tupu. Jamaa akawa ananionyesha: kule Union Buildings, kule UNISA, na karibu kabisa, kilima cha pili, Salvokop, ndiko Freedom Park.

Hiyo Freedom Park ilijengwa baada ya uhuru wao, na ina ukuta wenye majina zaidi ya 75,000 ya waliokufa kwenye vita mbalimbali za nchi hii. Vilima viwili vinatazamana, na tarehe 16 Desemba 2011 ikafunguliwa barabara ya kuviunganisha. Mnaona tarehe inavyozunguka? Makaburu waliifanya siku ya nadhiri yao. Mandela na wenzake wakaichagua hiyohiyo mwaka 1961 kuanzisha Umkhonto we Sizwe, kwa makusudi. Na baada ya 1994 serikali mpya haikuifuta, iliigeuza kuwa Siku ya Maridhiano. Mandela mwenyewe alikuja kwenye viwanja vya mnara huu mwaka 2002, kwenye uzinduzi wa sanamu ya Danie Theron, shujaa wa Makaburu wa vita ya Waingereza, na akahutubia kwa Kiafrikaans! Lugha ileile ambayo watoto wa Soweto walipigwa risasi 1976 kwa kuikataa kulazimishwa darasani. Na ni ghasia za mwaka huo zilizomfanya Mahlangu aikimbie nchi kwenda kujifunza vita.

Sijui kama mimi ningeweza. Kuna wenzangu darasani wanasema mnara ungebomolewa tu. Jamaa anasema uachwe, lakini waweke jina Ncome mahali fulani watu walisome. Mimi mgeni, nilinyamaza, ila moyoni niko naye.

Nikamuuliza, gereza liko wapi? Hakuniuliza lipi. Akanyoosha mkono upande wa mjini, nyuma ya Salvokop. Siku hizi linaitwa Kgosi Mampuru, na ile sehemu ya kunyongea iligeuzwa makumbusho 2011. Sikuliona jengo, niliona mijakaranda tu upande huo.

Jioni nikampigia babu. Nikamweleza yote, marumaru, mwali wa jua, mzee wa Arusha. Akasikiliza, halafu akauliza mawe ya ukutani yameunganishwaje. Fundi ni fundi. Nikamwambia yamebanana, hayaonyeshi udongo. Akaguna.

"Na kwa Solomon umefika?"

"Nimeonyeshwa upande tu, babu."

"Upande!" Akakaa kimya hadi nikadhani vocha imeisha. "Jumamosi ijayo uende kwao, Mamelodi. Mwili wake walimrudisha kule 1993, nilisikia redioni. Umwambie nyumba tulizojenga bado zimesimama."

Basi ndugu zangu, nauli ya teksi hadi Mamelodi nimeshaulizia. Huku teksi ni kama daladala zetu, unamwonyesha dereva ishara ya kidole kulingana na unakokwenda. Ishara ya Mamelodi bado najifunza.