Sifa za Muuzaji Asiyeonekana

Tangu kale mnunuzi alikwenda sokoni, akakishika kitu, akamtazama muuzaji usoni. Ilipoanza biashara ya intaneti, muuzaji hakuonekana tena, wala kitu hakikushikika. Je, mtu atamwaminije asiyemjua?

Mwaka 1995, huko California, Marekani, Pierre Omidyar alianzisha mnada wa intaneti uliokuja kuitwa eBay. Kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kurunzi ndogo ya leza, tena mbovu. Wala Omidyar hakuuficha ubovu wake. Mwaka 1996 akaweka utaratibu mpya: watu waliouziana waandike hadharani jinsi kila mmoja alivyotendewa na mwenziwe. Hivyo sifa njema ikawa mtaji.

Lakini chenye thamani hakikosi mwizi. Wako wauzaji waliolipiza kisasi kwa kuwachafulia majina wanunuzi waliowalaumu, hata mwaka 2008 eBay ikawakataza wauzaji kuwaandikia wanunuzi lawama. Kwingineko walizuka watu wa kuuza sifa za uongo, wakivisifu vitu wasivyopata kuvitumia. Mwaka 2024 serikali ya Marekani ilitoa kanuni ya kuwatoza faini wanaouza na wanaonunua sifa hizo.

Wahenga walisema: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi kibaya hutembezwa kwa ndimi za kukodi. Basi, kijana, asifuye kwa ujira asichokijua ni shahidi wa uongo. Na maskini akipoteza fedha zake kwa kuyaamini maneno hayo, mwenye maneno ameshiriki wizi.