Ngazi za Unguja na Ngazi za Rayners Lane



Nyumba nyingi za mawe za Unguja zina ngazi zenye kusimama mno, na sababu yake moja ni boriti. Mikoko haikutoa boriti ndefu kupita mita tatu hivi, basi vyumba vikawa vyembamba, na ngazi ikabanwa katika upenyo baina ya kuta mbili. Katika nyumba yetu vidato havikulingana. Cha tatu kutoka chini kilivipita vyenziwe kwa vidole viwili. Nilikuwa na umri wa miaka mitano bibi mzaa mama alipojikwaa hapo, akavunjika nyonga. Hakupanda tena juu ya dari, alikokuwa akipunga upepo na majirani kila alasiri. Wenyeji walikizoea kidato kile, naye alikuwa mwenyeji kuliko sote.

Nyumba yetu ya sasa, hapa Rayners Lane, ni miongoni mwa zile zilizojengwa miaka ya 1930, baada ya reli ya Metropolitan kugeuza mashamba kuwa mitaa. Mwanangu alitaka kuongeza chumba chini ya paa, tuhamie mimi na mama yake. Fundi akaleta mchoro: vidato 12, kila kimoja kimo chake chini kidogo ya sentimita 22, na nafasi ya kukanyagia sentimita 22. Akasema sheria ya Uingereza yaruhusu. Nami nimekuwa karani miaka mingi; nikachukua kalamu. Sakafu hadi sakafu palikuwa na sentimita 260. Kila kipimo peke yake chakubalika, lakini sheria hiyohiyo yakataza mwinamo kupita nyuzi 42, na ngazi ile ilikaribia 45.

Nikapendekeza vidato 13, kimo sentimita 20, kukanyagia 24. Mfaransa François Blondel aliandika mwaka 1675 kwamba kimo mara mbili, pamoja na nafasi ya kukanyagia, viwe inchi 24 za Paris, yaani karibu sentimita 65, kwa kufuata hatua ya mtu atembeaye. Hesabu yangu yatoa 64.

Lakini ngazi hiyo ilidai sentimita 46 zaidi za sakafu, nazo zilitoka chumba cha mjukuu wangu. Mwanangu aliona ni ukaidi wa uzee. Nikamsimulia habari ya ile nyonga, ambayo hakupata kuisikia. Akanyamaza, kisha akauliza kilikuwa kidato cha ngapi.

Ngazi imekwisha. Kabati la mjukuu limesimama ukumbini, na mwenyewe hajanisamehe.