Merikani Ilikuwa Nguo, Si Sahani

Hivi ndugu msomaji, ukiona sahani kuukuu ya bibi, kwa nini unadhani imetoka Marekani? Wamarekani walituletea nguo, bwana. Baada ya mkataba wa 1833 na Seyyid Said, meli za Salem zilishusha Zanzibar kitambaa cha pamba, kikaitwa merikani hadi bara. Zikaondoka na pembe za ndovu na sandarusi.

Kauri ya mezani (si simbi ya baharini!) ni habari ya zamani zaidi. Toka Kilambo, upe Ruvuma mgongo, pita Mikindani mpaka Kilwa Kisiwani. Huko matajiri wa karne ya 14 walikuwa na mabakuli ya Kichina, yaliyofika kwa majahazi ya Bahari ya Hindi. Si mchezo! Pwani hii watu waliyapachika hata makaburini, kama kule Kunduchi.

Leo mengi yameng'olewa, yamebaki mashimo ya duara, ingawa Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964. Mng'oaji anadhani kachukua chombo tu. Kumbe kachukua tarehe: Neville Chittick alipochimba Kilwa miaka ya 1960, vigae vya namna hiyo vilimsaidia kukadiria umri wa majengo.