Betri za ziada katika gari la makazi
Gari la makazi huwa na betri ya kuwashia injini na betri ya ndani, kwa kawaida ya volti 12, inayolisha taa, pampu ya maji na friji. Hii ya pili huongezewa uwezo kwa kuunganishwa na nyingine sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi: mbili za ampea-saa 100 hutoa 200, volti zikibaki 12. Sharti ziwe za aina, ukubwa na umri mmoja, kwani betri kuukuu huichosha mpya. Fyuzi huwekwa karibu na ncha chanya. Betri za risasi huharibika upesi zikizoea kutumika kupita nusu. Za lithiamu huvumilia, ila zinapochajiwa huvuta umeme mwingi hadi kuweza kuiunguza altaneta (jenereta ya injini) isiyolindwa kwa chaja ya kati.