Ubongo Haufungi Duka Usiku

Kidato cha nne tulikuwa tunakesha miguu ikiwa ndani ya beseni la maji baridi. Mtu akilala saa nne usiku tunamwita mvivu. Asubuhi kwa mtihani, unasoma swali moja mara tatu na haliingii. Sasa wasee, leo wacha niwape historia, muone nani alikuwa anajidanganya.

Turudi Ujerumani, miaka ya 1890. Kijana anaitwa Hans Berger yuko mafunzo ya jeshi. Farasi anamwangusha mbele ya magurudumu ya mzinga, anaponea chupuchupu. Siku hiyo hiyo telegramu inafika kutoka nyumbani: dada yake ameingiwa na hofu kwamba kuna kitu kimempata. Berger akaamini akili yake ndiyo ilituma ujumbe. Akasomea udaktari, akaanza kuitafuta hiyo nguvu.

Hiyo hakuipata. Lakini 1924, mjini Jena, alinasa umeme mdogo sana kutoka ubongo wa binadamu, na 1929 akachapisha matokeo. Umeme huo una mdundo. Ukifunga macho ukatulia, unapiga kama mara 10 kwa sekunde. Ukifungua macho au ukianza kupiga hesabu, mdundo huo unafifia. Yaani umakini ukaonekana kwenye karatasi! Wataalamu wengi walimtilia shaka, mpaka 1934 Edgar Adrian na Bryan Matthews wakarudia jaribio hilo Cambridge na kukuta alisema kweli.

Halafu ikaja zamu ya usingizi. Marekani, tajiri mmoja, Alfred Loomis, alijenga maabara yake mwenyewe, akapima watu usiku kucha. Kufikia 1937, yeye na wenzake walikuwa wamegawa usingizi kwa hatua, kila moja na mawimbi yake. Mwaka wa 1953, Aserinsky na Kleitman wa Chicago wakaeleza ile hatua macho yanachezacheza chini ya kope, na ubongo uko na shughuli karibu kama wa mtu aliye macho.

Na kumbukumbu je? Mwaka ule ule wa 1924, Jenkins na Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwapa wanafunzi wawili silabi zisizo na maana wazikariri. Wakilala, walikumbuka nyingi kuliko wakikaa macho saa hizo hizo. Siku hizi tunajua zaidi: kwenye usingizi mzito, mawimbi makubwa ya polepole husaidia ubongo kurudia ya mchana na kuyaweka akiba.

Kwa hivyo yule tuliyemwita mvivu alikuwa bado anasoma, ila kitabu kilikuwa kimefungwa. Sisi wa beseni tulikuwa tunamwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka. Kama uko na mtihani kesho, soma mapema, weka simu mbali, halafu ulale. Si uvivu. Ni nusu ya kazi.