Otojairo A-7: Kutoka Mezani kwa Mbunifu hadi Kiwandani

Katika semina zetu teknolojia huzungumzwa mara nyingi kana kwamba ni shehena: inaagizwa, inalipiwa, inapakuliwa bandarini. Wengine hukosea upande wa pili, wakadhani kwamba azimio likishapitishwa mashine itafuata yenyewe. Tunapenda hapa kuchunguza chombo kimoja cha vita, otojairo A-7 ya Umoja wa Kisovyeti. Chombo hicho kiliruka mara ya kwanza mwaka 1934, kikaingia kiwandani mwaka 1940, na kikatolewa vitano tu.

Otojairo si helikopta. Injini yake huzungusha pangaboi la mbele tu, kama ndege ya kawaida. Mapanga makubwa ya juu huzungushwa na upepo wa mwendo wenyewe, kama pangaboi la makuti ambalo mtoto hulishika akikimbia. Kwa hiyo haiwezi kusimama angani, lakini huruka na kutua katika uwanja mdogo, na injini ikizimika haianguki kama jiwe. Aliyeifanikisha ni Mhispania Juan de la Cierva, mwezi Januari 1923, baada ya kuyafunga mapanga kwa bawaba ili yapande na kushuka yakizunguka. Vyombo vyake vya awali vyenye mapanga magumu vilikuwa vikipinduka. Mtu huyu alikuwa wa tabaka la matajiri, na mwezi Julai 1936 alisaidia kupatikana kwa ndege ya Kiingereza iliyomchukua Jenerali Franco kwenda kuanzisha uasi dhidi ya Jamhuri. Lakini bawaba haina tabaka. Wajamaa waliokataa siasa yake hawakuwa na sababu ya kukataa elimu yake.

Huko Urusi kazi ilianzwa na vijana. Nikolai Kamov, mzaliwa wa Irkutsk, alikuwa amesomea ujenzi wa vichwa vya treni huko Tomsk. Yeye na mwenzake Skrzhinsky walitengeneza otojairo ya kwanza ya nchi yao kwa msaada wa chama cha kujitolea cha ulinzi, Osoaviakhim, wakaiita Mhandisi Mwekundu. Iliruka Septemba 1929. Kiwiliwili chake kilitoka kwenye ndege ya mafunzo U-1, ambayo nayo ilikuwa nakala ya Avro ya Kiingereza. Mwanafunzi mmoja, Mikhail Mil, naye mzaliwa wa Irkutsk, alikuja kufanya mazoezi ya kazi hapo. Tunalitaja jina hili kwa sababu litarudi.

A-7 ilikuwa hatua nyingine kabisa. Ilibuniwa katika taasisi kuu ya utafiti wa ndege, TsAGI, ikiwa chombo cha vita tangu mwanzo: watu wawili, bunduki ya rashasha ya kupiga mbele na nyingine mbili kwa mtazamaji wa nyuma, mabawa mafupi ya kuyapunguzia mapanga mzigo, na gurudumu la tatu chini ya pua. Ilipaa tarehe 20 Septemba 1934 na mwendo wake ulifika karibu kilometa 220 kwa saa. Waingereza wakati huo walinunua otojairo 12 za Cierva kwa jeshi lao la anga, lakini hazikuwa na silaha. Injini ya A-7, M-22 yenye nguvu za farasi 480, ilitengenezwa kwa kibali kutoka Ufaransa, na Wafaransa nao walikuwa wamenunua kibali cha Bristol ya Uingereza. Hilo si aibu. Aibu ingekuwa kununua kibali mwaka hadi mwaka pasipo kujifunza.

Kwa nini basi ilichukua miaka sita kufika kiwandani? Majaribio yalikuwa marefu, na hilo ni la lazima kwa chombo kipya. Viwanda vya ndege vilihitajika kwa ndege za kupigana na za mabomu. Tusifiche pia kwamba mwaka 1937 wataalamu wa ndege, Tupolev akiwa mmoja wao, walikamatwa na dola yao wenyewe. Hatusemi kwamba hilo ndilo lililoichelewesha A-7. Tunasema kwamba nchi inayohitaji wahandisi haikuwa na ziada ya kuwafungia. Kubuni kulikwenda mbele, uzalishaji ukabaki nyuma. Mwaka 1940 ndipo kilipofunguliwa kiwanda namba 290 huko Ukhtomskaya, karibu na Moscow, Kamov akiwa mkurugenzi na Mil msaidizi wake.

Vita vikawakuta hapo. Mwishoni mwa Agosti 1941 A-7 zilianza kazi katika eneo la Yelnya, mkoa wa Smolensk, Mil akiwa mhandisi wa kikosi. Chombo cha kilometa 220 kwa saa hakikuweza kujionyesha mchana mbele ya Messerschmitt iliyopita 500, hivyo kiliruka zaidi usiku, kikimwaga vikaratasi vya uenezi juu ya majeshi ya Wajerumani. Kazi iliyokusudiwa kwa bunduki tatu ikawa kazi ya mtawanya karatasi! Mwezi Oktoba adui alipoikaribia Moscow, kiwanda kilihamishiwa Bilimbay, milimani Ural, na mwaka 1943 kikavunjwa.

Ukihesabu vyombo, hesabu ni ndogo mno. Lakini waliokuwa wamejifunza bawaba, mtikisiko wa mapanga na namna ya kuyatengeneza hawakuvunjwa pamoja na kiwanda. Mwaka 1947 helikopta ndogo ya Kamov, Ka-8, ilipaa. Mwezi Septemba 1948 ikapaa Mi-1, ambayo baadaye ilitolewa viwandani kwa maelfu; mbunifu wake alikuwa yule mwanafunzi wa Mhandisi Mwekundu.