Madini ya Chuma Mwilini: Zawadi Inayodai Kiasi

Madini ya chuma ni sehemu ya himoglobini, protini ya chembe nyekundu za damu inayobeba oksijeni kutoka mapafuni hadi kila kiungo. Wengi wetu tunajua madhara ya upungufu wake: uchovu, kizunguzungu na viganja kuwa vyeupe. Wachache wanajua kwamba chuma kikizidi nacho huleta maradhi, na kwamba mwili hauna njia yake maalumu ya kukiondoa.

Jinsi mwili unavyokitunza

Mtu mzima ana takriban gramu 3 hadi 4 za chuma mwilini. Kila siku utumbo hufyonza miligramu 1 hadi 2 tu kutoka katika chakula, na kiasi kama hicho hupotea kwa kubanduka kwa chembe za ngozi na utumbo, na kwa hedhi. Ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, ambayo ni kama bawabu: akiba ikitosha, huzuia chuma kingine kisiingie katika damu.

Chanzo cha kuzidi

Wapo wanaozaliwa na hitilafu ya kurithi, hemokromatosisi, inayoonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini. Bawabu wao hafungi mlango. Kusini mwa Afrika, ugonjwa wa namna hii umehusishwa na pombe ya kienyeji iliyotengenezwa katika vyombo vya chuma. Kwetu, wanaohitaji uangalizi wa pekee ni wagonjwa wa selimundu wanaoongezwa damu mara kwa mara, kwa kuwa kila chupa ya damu huingiza takriban miligramu 200 hadi 250 za chuma.

Chuma kilichozidi hujilimbikiza katika ini, moyo na kongosho. Hapo huweza kusababisha makovu ya ini na hata saratani yake, kisukari, udhaifu wa moyo na maumivu ya viungo. Vijidudu vingi vya maradhi navyo huhitaji chuma ili kustawi.

Fundisho kutoka Pemba

Utafiti uliofanyika kisiwani Pemba na kuchapishwa mwaka 2006 ulionesha kwamba, mahali penye malaria nyingi, watoto wadogo waliopewa chuma na foliki asidi bila kupimwa kwanza walilazwa hospitalini au kufariki zaidi kuliko wasiopewa. Utoaji huo ulisitishwa kabla ya wakati. Hata hivyo, katika kundi dogo lililopimwa na kutibiwa malaria, watoto wenye upungufu wa chuma walinufaika. Dawa ile ile iliwafaa wenye upungufu na ikawa hatari kwa wengine.

Tufanye nini?

Upungufu wa damu hauna chanzo kimoja: malaria, minyoo na selimundu huuleta pia. Hivyo tusinunue vidonge vya kuongeza damu kwa kukisia. Tupime kwanza, na daktari akiona inafaa, apime pia akiba ya chuma, yaani feritini. Mzazi wa mtoto mwenye selimundu asimpe chuma bila agizo la daktari. Mama mjamzito asiache vidonge alivyopewa kliniki, kwani mahitaji yake ni makubwa. Vidonge vyote viwekwe mbali na watoto, maana kumeza vingi kwa mara moja huweza kuua. Aliyekwisha kuzidiwa na chuma hutibiwa hospitalini, ama kwa kutolewa damu kwa vipimo, ama kwa dawa zinazonasa chuma na kukitoa mwilini.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2288 na 2290, inatufundisha kwamba uhai na afya ni zawadi tulizokabidhiwa na Mungu, na kwamba fadhila ya kiasi hutuepusha na kupindukia katika chakula, pombe, tumbaku na hata dawa. Kupima kabla ya kumeza ni tendo dogo la fadhila hiyo, na kwa mtoto mgonjwa nyumbani ni tendo la upendo.